James Joyce

James Joyce (2 Februari 1882 – 13 Januari 1941) alikuwa mwandishi wa riwaya, hadithi fupi na mashairi kutoka nchi ya Eire. Anajulikana hasa kwa riwaya yake Ulysses (1922), ambayo wahakiki wengi huihesabu kati ya vitabu vikubwa vya karne ya 20. Karibu kila alichoandika kinahusu Dublin, mji alikozaliwa. Hata hivyo sehemu kubwa ya maandishi hayo ilitungwa mbali na mji huo, wakati Joyce alipokuwa mwalimu wa Kiingereza katika miji ya bandari ya Austria-Hungaria. Kwa kuwa miaka hiyo ya ualimu mara nyingi husimuliwa kwa sentensi mbili tu, makala hii inaieleza kwa kirefu zaidi.

Utoto na masomo

Joyce alizaliwa Rathgar, kitongoji cha Dublin, wakati Eire nzima ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza. Alikuwa mkubwa kati ya watoto kumi waliosalia hai wa John Stanislaus Joyce na mkewe Mary Jane Murray. Baba alikuwa mkusanya kodi, mcheshi, mwenye sauti nzuri ya kuimba, lakini mlevi na asiyejua kutunza fedha. Alipopoteza kazi yake, familia iliyoanza na hali nzuri ilishuka mwaka hata mwaka, ikihama nyumba hii kwenda ile kila pango liliposhindikana.

Akiwa na umri wa miaka sita, James alipelekwa katika shule ya bweni ya Clongowes Wood iliyoendeshwa na mapadre Wajesuiti. Mwaka 1891 aliondolewa kwa kukosa karo. Baadaye Wajesuiti walimpokea bure katika shule yao ya kutwa ya Belvedere mjini Dublin. Kuanzia mwaka 1898 hadi 1902 alisoma lugha katika University College ya Dublin, zikiwemo Kiingereza, Kifaransa na Kiitalia. Alijifunza pia Kinorwe ili asome tamthiliya za Henrik Ibsen bila mkalimani, na mwaka 1900 makala yake kuhusu Ibsen ilichapishwa katika jarida la Fortnightly Review la London. Kati ya lugha hizo zote ni Kiitalia kilichokuja kumfaa zaidi maishani, ingawa wakati ule hakuwa na njia ya kulijua hilo.

Mwishoni mwa mwaka 1902 alikwenda Paris kusomea udaktari, akayaacha masomo hayo karibu mara moja. Alibaki huko akifundisha Kiingereza kwa mwanafunzi mmoja mmoja, na siku nyingine alishinda na njaa. Aprili 1903 alipata simu ya maandishi kwamba mama yake yu mahututi, akarudi nyumbani. Mama alifariki Agosti mwaka huohuo.

Mwaka 1904 Joyce alifundisha kwa muda mfupi katika shule ya wavulana huko Dalkey, karibu na Dublin. Fedha alizopata zilikuwa chache, lakini kazi ile ilimpa sura nzima ya kitabu: katika sura ya pili ya Ulysses kijana Stephen Dedalus anafundisha historia kwa wavulana wasiosikiliza, kisha anakwenda kupokea mshahara wake kwa mkuu wa shule pamoja na mahubiri marefu juu ya kuweka akiba. Mwalimu yeyote atakayeisoma ataitambua hali hiyo.

Kuondoka Eire

Tarehe 16 Juni 1904 Joyce alitembea kwa mara ya kwanza na Nora Barnacle, msichana kutoka Galway aliyekuwa mhudumu katika hoteli moja ya Dublin. Baadaye aliichagua siku hiyo iwe siku ya matukio yote ya Ulysses. Miezi minne tu baada ya matembezi hayo, Oktoba 1904, wawili hao waliondoka Eire pamoja bila kufunga ndoa. Yeye alikuwa na miaka 22, Nora 20. Nauli ilikuwa ya kukopa.

Joyce alikuwa ameahidiwa na wakala mmoja wa Uingereza kwamba kulikuwa na nafasi ya mwalimu katika shule ya Berlitz mjini Zürich, Uswisi. Shule za Berlitz zilianzishwa Marekani mwaka 1878 na wakati huo zilikuwa zimeenea katika miji mingi ya Ulaya. Mtindo wao ulikuwa kwamba mwalimu azungumze lugha inayofundishwa tu, bila tafsiri. Kwa hiyo zilihitaji vijana waliozaliwa na lugha hiyo, hata kama hawakusomea ualimu. Joyce na Nora walipofika Zürich waligundua kuwa nafasi ile ilikuwa hewa. Walielekezwa Trieste, nako nafasi haikuwepo. Hatimaye mkurugenzi wa Berlitz ya Trieste, Almidano Artifoni, aliwapeleka Pola, mji ambao leo unaitwa Pula na uko Kroatia. Joyce hakuusahau wema huo: katika Ulysses jina la Artifoni amepewa mwalimu wa muziki, Mwitalia anayemtakia mema Stephen.

Pola na Trieste

Pola ilikuwa kituo kikuu cha jeshi la majini la Austria-Hungaria, na wanafunzi wa Joyce walikuwa hasa maofisa wa jeshi hilo. Aliufananisha mji huo na mwisho wa dunia, hakuupenda hata kidogo. Machi 1905 alihamishiwa Trieste.

Trieste, ambayo sasa iko Italia, ilikuwa bandari kuu ya himaya ile. Serikali ilitumia Kijerumani, watu wa mjini walisema lahaja yao ya Kiitalia, na mitaani mlisikika Kislovenia, Kikroatia, Kigiriki na lugha nyingine nyingi. Msomaji wa pwani yetu hatashangaa, kwa kuwa miji ya bandari ndivyo ilivyo. Watu wa biashara walihitaji Kiingereza kwa barua na mikataba, na ndiyo sababu mwalimu kijana asiye na cheti aliweza kupata riziki hapo. Hata kabla ya kuhamia, Joyce alikuwa amekwisha kuonja mkono wa polisi wa mji huo. Katika safari yake ya kwanza ya Oktoba 1904 alimwacha Nora akimngoja kwenye bustani karibu na stesheni, akajiingiza katika ugomvi wa mabaharia Waingereza walevi, akakamatwa pamoja nao. Ilibidi konsuli wa Uingereza aingilie kati ili aachiwe.

Mtoto wao wa kwanza, Giorgio, alizaliwa Julai 1905. Oktoba mwaka huo Joyce alimwita mdogo wake, Stanislaus, aje kufundisha katika shule hiyohiyo. Stanislaus alikuwa kinyume cha kaka yake: alifika kazini kwa wakati, hakunywa sana, alihesabu kila senti. Kwa miaka kumi mshahara wake ulilipa madeni ya kaka, pango la nyumba na chakula cha watoto. Wasifu wa Joyce usiomtaja Stanislaus kwa heshima haujakamilika.

Mwaka 1906 Joyce alijaribu kuukimbia ualimu. Alihamia Roma na kufanya kazi ya karani wa barua katika benki, kutwa nzima, na jioni bado alilazimika kufundisha ili fedha zitoshe. Aliacha kazi hiyo na kurudi Trieste Machi 1907. Mwaka huo ulikuwa mgumu. Aliugua homa ya baridi yabisi akalazwa, na Julai, angali mgonjwa, binti yake Lucia alizaliwa katika wodi ya maskini. Lakini katika mwaka huohuo ndipo kitabu chake cha kwanza cha mashairi, Chamber Music, kilipotoka, na ndipo alipoandika hadithi ndefu ya mwisho ya Dubliners.

Mwalimu wa nyumba kwa nyumba

Baada ya kuacha shule ya Berlitz, Joyce aliishi kwa masomo ya binafsi. Kwa lugha ya leo tungesema aliishi kwa tuisheni. Alizunguka mjini kutoka nyumba ya tajiri hadi nyingine, akifundisha wafanyabiashara, wake zao na watoto wao. Faida ilikuwa kwamba alipanga saa zake mwenyewe. Hasara yake anaijua kila aliyewahi kuifanya kazi hiyo: mwanafunzi akisafiri au familia ikienda mapumziko ya kiangazi, hakuna malipo. Joyce aliomba malipo kabla ya somo, akakopa kwa wanafunzi wake, na fedha zilipopatikana nyingine ziliishia kwenye vilabu vya mvinyo. Hata hivyo wanafunzi walimpenda. Masomo yake yalikuwa mazungumzo juu ya jambo lolote, kuanzia siasa hadi chakula, na inasimuliwa kwamba baada ya kumaliza somo alipenda kuteleza juu ya kishikio cha ngazi kama mtoto.

Nyumbani hakufundisha Kiingereza. Yeye na watoto wake walizungumza Kiitalia cha Trieste, na waliendelea nacho hata walipohamia nchi nyingine.

Mwanafunzi aliyekuwa na athari kubwa kuliko wote alikuwa Ettore Schmitz, mfanyabiashara Myahudi aliyemzidi mwalimu wake kwa miaka zaidi ya ishirini. Familia ya mke wake ilitengeneza rangi za kupaka meli na ilikuwa na kiwanda pia karibu na London, hivyo Schmitz alihitaji Kiingereza. Joyce alikuwa akimpa insha za kuandika, na moja ya mazoezi hayo ni maelezo ya Schmitz kuhusu mwalimu mwenyewe. Siku moja Schmitz alikiri kwamba zamani alichapisha riwaya mbili kwa jina la Italo Svevo, Una vita (1892) na Senilità (1898), ambazo hakuna aliyezijali. Joyce alizisoma akamwambia kuwa amedharauliwa bila haki. Kwa mtu aliyekuwa amekata tamaa, sifa ile ilikuwa kubwa.

Deni hilo lililipwa upesi. Mwanzoni mwa 1909 Joyce alikuwa amekwama katika riwaya yake juu ya ujana wake. Alimpa Schmitz sura za kwanza azisome, na barua ya mwanafunzi huyo, yenye sifa na pia makosa aliyoyaona, ilimtia moyo wa kuendelea. Riwaya hiyo ni A Portrait of the Artist as a Young Man. Schmitz naye alirudi kuandika; riwaya yake La coscienza di Zeno ilitoka 1923, na Joyce, wakati huo akiwa Paris, aliwashawishi wahakiki wa Ufaransa waisome. Svevo alifariki mwaka 1928 kwa ajali ya gari, akiwa tayari ni mwandishi mwenye jina. Mengi ya yale Joyce aliyomwuliza juu ya maisha ya Wayahudi yaliingia kwa Leopold Bloom, mhusika mkuu wa Ulysses.

Mwaka 1912 Joyce alijaribu kuwa mwalimu wa kudumu. Alisafiri hadi Padova, Italia, akafanya mtihani wa serikali wa walimu na kufaulu vizuri. Kisha maofisa wakasema shahada yake ya Dublin haitambuliki. Mwaka huohuo alikwenda Dublin kwa mara ya mwisho, na huko mchapaji akaharibu nakala za Dubliners zilizokwisha kuchapwa, kwa kuogopa kesi. Kuanzia mwaka 1913 alipata nafuu kidogo: asubuhi alifundisha katika shule ya juu ya biashara ya Revoltella, alasiri aliendelea na tuisheni.

Vita na mafanikio

Mwishoni mwa 1913 mshairi Mmarekani Ezra Pound alimwandikia, na mambo yakabadilika. Mwaka 1914 Dubliners (yaani watu wa Dublin), mkusanyiko wa hadithi 15, ulichapishwa London baada ya kukwama karibu miaka tisa. Riwaya ya ujana wake ilianza kutoka kwa sehemu katika jarida la The Egoist, na mwaka huo alianza pia Ulysses. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, Joyce alikuwa na pasipoti ya Uingereza ndani ya nchi ya adui. Stanislaus aliwekwa kizuizini Januari 1915. James na familia waliruhusiwa kwenda Zürich katikati ya mwaka. Huko alifundisha tena, lakini kuanzia mwaka 1917 misaada ya Harriet Shaw Weaver, mhariri Mwingereza, ilimpunguzia mzigo huo.

Baada ya vita alirudi Trieste na kufundisha kwa miezi michache, kisha mwaka 1920 akahamia Paris. Ulysses ilitolewa na duka la vitabu la Sylvia Beach tarehe 2 Februari 1922, siku Joyce alipotimiza miaka 40. Marekani iliipiga marufuku kwa madai ya uchafu hadi hukumu ya mahakama ya Desemba 1933. Kitabu chake cha mwisho, Finnegans Wake (1939), kimeandikwa kwa Kiingereza kilichochanganywa na lugha nyingi za dunia. Kiswahili kimo pia: katika sura juu ya mwanamke ambaye ni mto, wasomi wametambua maneno kama nyumba. Mwanamke huyo anaitwa Anna Livia, na jina la Livia lilitoka kwa mke wa Ettore Schmitz.

Miaka ya mwisho ilikuwa na majonzi. Macho ya Joyce yalipasuliwa mara nyingi, na binti yake Lucia alipatwa na ugonjwa wa akili. Alifunga ndoa na Nora mjini London mwaka 1931. Vita vya pili vilimrudisha Zürich Desemba 1940, na alifariki huko wiki chache baadaye, kufuatia upasuaji wa kidonda cha tumbo. Amezikwa katika makaburi ya Fluntern mjini humo. Nora alimfuata mwaka 1951.

Kila tarehe 16 Juni wapenzi wa Ulysses huadhimisha Bloomsday mjini Dublin na penginepo. Huko Trieste sanamu yake imesimamishwa juu ya daraja la mfereji wa Ponterosso, akiwa anatembea na kofia kichwani. Stanislaus hakuondoka moja kwa moja katika mji huo. Alirithi nafasi ya kaka yake ya kufundisha Kiingereza katika chuo, akaifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na alifariki Trieste tarehe 16 Juni 1955.