Méchain na Kosa Lililofichwa

Pierre Méchain, mwanafalaki Mfaransa, alizaliwa mwaka 1744. Kuanzia mwaka 1792 alipima nchi kati ya Rodez na Barcelona, naye mwenziwe Delambre kati ya Dunkerque na Rodez. Walitumia toise, kipimo cha kale kinachokaribia meta 2; kutokana na hesabu zao ikapatikana meta. Lakini vipimo vya Méchain vya Barcelona havikupatana. Akaona aibu, akaficha. Alifariki kwa homa huko Hispania mwaka 1804, na Delambre akaiona siri hiyo katika daftari zake. Basi sisi walimu, mtoto akikosea kugeuza meta kuwa sentimeta, tusimwaibishe, asije akajifunza kuficha badala ya kusahihisha.