Aniceti Kitereza wa Ukerewe

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, kaskazini ya Mwanza. Alisoma shule ya misioni, kisha seminari ya Rubya. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura. Wakazaa watoto wanne, nao wote wakafa wangali wachanga. Wengine wangalioa mke wa pili, Kitereza hakuoa.

Akashika kalamu, akaandika kwa Kikerewe habari ndefu ya Myombekere na mkewe Bugonoka, waliokuwa hawana mtoto. Wazazi wa Bugonoka wakamrudisha kwao. Mumewe akamfuata, akamkomboa kwa pombe ya ndizi. Wakatafuta dawa siku nyingi, hata wakampata Ntulanalwo, kisha Bulihwali. Ndivyo Kitereza alivyowapa wale wawili watoto ambao yeye hakubakiwa nao. Akamaliza mwaka 1945, lakini mchapaji hakupatikana.

Uzeeni maradhi ya baridi yabisi yakamshika viungo, kwa maumivu makali. Hata hivyo hakuiweka kalamu chini. Akakifasiri mwenyewe kitabu chote kwa Kiswahili, mamia ya kurasa. Kikachapwa, lakini mwaka 1981 Kitereza alifariki, nakala zake zikiwa bado njiani.