Baden-Powell na Daraja la Maskauti Wachanga

Mtu anayetoka Meru akauzunguka Mlima Kenya kwa njia ya Timau na Nanyuki, au anayetoka Embu akapitia Kutus na Karatina, hufika Nyeri. Katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro mjini humo amezikwa Robert Baden-Powell, mwasisi wa uskauti. Jiwe la kaburi lake limechongwa duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ambayo kwa maskauti humaanisha kwamba aliyeiweka amekwenda nyumbani. Ameandikwa sana kama askari. Makala haya yanamfuata kwa swali jingine: mtoto akishakua, ni nani wa kumvusha aingie kwa wakubwa? Kiswahili chetu kimetupa neno linalofaa hapa, kwani daraja ni kivuko na daraja ni cheo.

Alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake, profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford, alifariki mwaka 1860, na mama yake, Henrietta Grace, ndiye aliyemlea pamoja na nduguze. Akiwa mwanafunzi katika shule ya Charterhouse alipenda kujificha kichakani akinyatia wanyama. Mwaka 1876 alijiunga na kikosi cha wapandafarasi nchini India.

Mwandishi wa Kiafrika hawezi kuupita mwaka 1896 kimyakimya. Katika vita vya wakoloni dhidi ya Wandebele, Baden-Powell aliamuru Uwini, kiongozi aliyekuwa ametekwa, ahukumiwe na mahakama ya kijeshi, naye akapigwa risasi. Uchunguzi wa Waingereza wenyewe ulimwondolea lawama. Msomaji wa leo hafungwi na uamuzi huo. Miaka mitatu baadaye alilinda mji wa Mafeking uliozingirwa kwa siku 217. Kuzingirwa huko kulimpa sifa kubwa Uingereza, ilhali Waafrika waliokuwa mjini waliumwa na njaa kuliko Wazungu. Humo ndimo alimoona wavulana waliovalishwa sare wakipeleka ujumbe, na wazo la kuwapa vijana dhamana likamkaa.

Agosti 1907 aliwakusanya wavulana wapatao 20, wa matajiri na wa maskini, katika kisiwa cha Brownsea. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake cha uskauti kwa sehemu sita, na vikundi vikachipuka haraka kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Hapo ndipo tatizo lilipozuka. Wadogo wa maskauti hao nao walitaka kuingia. Wakikataliwa, walinung'unika, wakikubaliwa, kaka zao waliona mchezo umekuwa wa kitoto, na wadogo wenyewe walishindwa na mizigo na safari ndefu. Kuwachanganya kuliwaumiza wote.

Baada ya majaribio yaliyoanza 1914, mwaka 1916 Baden-Powell alizindua tawi la Watoto wa Mbwamwitu, akisaidiwa na Vera Barclay. Msingi wake ulikuwa hadithi za Rudyard Kipling kuhusu Mowgli, mtoto aliyelelewa na mbwamwitu. Kwa maoni yangu uteuzi huo ulikuwa wa busara kuliko unavyosifiwa, maana Mowgli hatimaye huliacha kundi na kwenda kwa binadamu. Mtoto aliyecheza hadithi hiyo miaka mitatu alikwisha kujua kwamba siku ya kuondoka ingefika.

Siku hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Kundi la wadogo lilisimama upande mmoja na la maskauti upande wa pili. Mtoto aliwaaga wenzake, kiongozi wake akamsindikiza hadi mpakani, na kiongozi mpya akampokea. Hakuna nafasi iliyoachwa ambamo mtoto hakuwa mikononi mwa mtu. Wameru na Waembu hawana haja ya kuelezwa sana jambo hili, kwani katika jando zao kijana husimamiwa na mtu mzima anayemwongoza tangu kuingia hadi kutoka.

Mwaka 1918 aliongeza tawi la vijana wakubwa, Rova, na 1922 akawaandikia kitabu chao. Hata hivyo ngazi hiyo ilikosa kidato. Mvulana wa miaka 15 alikwisha kuchoshwa na michezo ya maskauti, na Rova walikuwa bado mbali, wengi waliondoka. Uingereza iliziba pengo hilo mwaka 1946 kwa kuunda kundi la maskauti wa umri huo, miaka mitano baada ya mwasisi kufariki.

Uskauti uliingia Kenya mwaka 1910. Yeye mwenyewe alikuja kukaa mwaka 1938 pamoja na mkewe, Olave, katika nyumba waliyoiita Paxtu, kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan iliyomilikiwa na Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake. Alifariki humo tarehe 8 Januari 1941 akiwa na umri wa miaka 83. Olave alifariki 1977, na majivu yake yakaletwa Nyeri.

Ngazi ya Kenya ina vidato vinne, vyote vya Kiswahili: Sungura, Chipukizi, Mwamba na Jasiri. Mbwamwitu wa Kipling alimwachia nafasi mjanja wa ngano zetu, nalo pengo la Baden-Powell likazibwa na Mwamba. Palipo na hatari zaidi kwetu ni kati ya Chipukizi na Mwamba. Hadi mtihani wa darasa la nane ulipokoma mwaka 2023, mvulana wa Meru au Embu aliumaliza, akapashwa tohara likizo ya Desemba, kisha akapelekwa shule ya bweni asikojulikana na mtu. Mambo matatu yalimkuta mara moja. Jando lilimpa msimamizi. Uskauti mara nyingi haukumpa, kwa kuwa kiongozi wa shule ya msingi na wa sekondari hawakuwahi kuonana. Mtaala umebadilika, lakini mwanafunzi angali anahama shule akiwa na umri uleule uliomshinda Baden-Powell.

Kila Februari maskauti hukusanyika Nyeri kumkumbuka. Siku hiyo Chipukizi na Mwamba husimama kwenye uwanja mmoja, na viongozi wao pia.