Tulayha: Alisamehewa, Jeshi Hakupewa

Kila uchaguzi unapokaribia, barazani kwetu hapa Mombasa huja wageni ambao kwa miaka mitano hatukuwaona. Mara ya mwisho alikuja bwana mmoja, jina lake nalihifadhi. Alipokuwa na cheo alishika fedha tulizochanga za kisima cha msikiti, na kisima kikabaki shimo. Safari hii alivaa kanzu, tasbihi mkononi, akatuomba radhi hata machozi yakamtoka. Mzee mmoja akasema toba ya mtu hairudishwi. Mwingine akauliza, je, na kura pia hainyimwi?

Katiba yetu ya 2010 ina Sura ya Sita juu ya uongozi na uadilifu, lakini hiyo ni kazi ya mawakili na mahakimu. Sisi wa barazani tuna macho yetu tu. Usiku ule nilimkumbuka Tulayha bin Khuwaylid.

Tulayha alikuwa mkubwa wa Bani Asad, Waarabu wa Najd, na ushujaa wake haukuwa na shaka. Katika vita vya Handaki, mwaka wa 627, alikuwa pamoja na makabila yaliyoizingira Madina. Baadaye akasilimu na watu wake. Kisha, Mtume (s.a.w.) angali hai, akadai kwamba naye anateremshiwa wahyi.

Mtume alipofariki mwaka wa 632, Sayyidna Abubakar (r.a.) alimtuma Khalid bin Walid kumkabili. Khalid akatanguliza wapelelezi wawili, Ukkasha bin Mihsan na Thabit bin Aqram. Tulayha na nduguye wakawaua wote wawili. Ukkasha huyu ni yule aliyeomba aombewe awe katika wale elfu sabini watakaoingia Peponi bila ya hesabu. Wengi wetu tumehadithiwa habari zake tangu chuoni.

Vita vilipigwa Buzakha. Tulayha alikaa amejifunika nguo, eti angoja wahyi. Mshirika wake, Uyayna bin Hisn, alimwendea tena na tena kumwuliza kama Jibrili amekwisha kuja, mwisho akatambua kuwa ni uwongo mtupu, akaondoka na watu wake. Tulayha akapanda farasi, akamchukua mkewe, wakakimbilia Sham.

Bani Asad waliporejea katika Uislamu, naye akarejea. Alipopita karibu na Madina akienda Umra, Abubakar aliambiwa, akaamuru aachwe aende zake. Alipotawala Sayyidna Umar (r.a.), mwaka wa 634, Tulayha alikwenda mwenyewe kutoa baia. Wapokezi wanatueleza kuwa Umar hakumficha: hatampenda kamwe, baada ya kuwaua watu wawili wale. Tulayha akajibu kuwa hao Mungu aliwatukuza kwa mkono wake, wala hakumdhalilisha yeye kwa mikono yao. Jibu hili nimelifikiri mara nyingi na hata leo halinikai vyema; naona lina ujanja ndani yake. Lakini Umar alipokea baia.

Hakumpenda, ila kazi alimwachia. Katika vita vya Qadisiyya, yapata mwaka wa 636, Tulayha alijipenyeza usiku peke yake katika kambi ya Waajemi, akakata kamba za hema, akatwaa farasi, akawaua waliomfuata na kurudi na mateka mmoja. Mtu wa namna hii, leo tungekwisha kumfanya waziri.

Umar hakufanya hivyo. Mwaka wa 642, jeshi likiwa safarini kwenda Nahawandi, alimwandikia jemadari Nu'man bin Muqarrin amshauri Tulayha katika mambo ya vita, asimpe ukubwa juu ya watu. Wapo wanaoona kuwa huko ni kumwonea. Mimi sioni hivyo. Toba ilikuwa baina ya Tulayha na Mola wake, na Umar hakuigusa. Lakini roho za watu ni amana, na mtu huyu alikwisha kuwapeleka maelfu vitani kwa uwongo, kisha akawaacha huko na kukimbia.

Na si Umar peke yake aliyekuwa na wasiwasi. Safarini huko Tulayha alitumwa kupeleleza pamoja na wenzake wawili. Wenzake wakarudi, yeye akaendelea mbele, akakawia hata watu wakaanza kusema kuwa Tulayha ameritadi mara ya pili. Ilikuwa yapata miaka kumi tangu Buzakha! Alipotokea, amekwisha kuipeleleza njia yote hadi Nahawandi, jeshi lilipiga takbiri. Akauliza kuna nini, wakamweleza waliyoyadhani. Hakuna mahali niliposoma kuwa aliomba cheo. Yasemekana alikufa katika vita hivyo hivyo.

Niliwahadithia wenzangu kisa hiki jioni ya pili. Mzee mmoja akaweka kikombe chake cha kahawa chini, akauliza kama yule bwana, alipokuwa akilia, alikitaja kisima. Tukatazamana. Hakukitaja.