Maisha ya Giordano Bruno

Katika mwaka 1548, katika mji mdogo wa Nola karibu na Naples, nchi ya Italia, alizaliwa mtoto wa askari mmoja akaitwa Filippo Bruno. Wakati ule Italia haikuwa dola moja, na Naples ilikuwa chini ya mfalme wa Hispania. Baba yake hakuwa tajiri, lakini mtoto alikuwa mwepesi wa kuelewa, na kumbukumbu yake ilikuwa ya ajabu. Alipopata miaka 17 aliingia katika nyumba ya watawa Wadominiko mjini Naples, akapewa jina jipya la Giordano, na katika mwaka 1572 akafanywa padri.

Watawa wale walikuwa na vitabu vingi na waalimu wenye sifa, lakini Bruno alikuwa mtu wa kuuliza. Aliondoa picha za watakatifu chumbani mwake akaacha msalaba tu. Tena alisoma vitabu vyenye maelezo ya Erasmus, mwanachuoni wa Uholanzi, ambavyo vilikuwa vimepigwa marufuku, na alipoondoka Naples akavitupa chooni ili visionekane. Mwaka 1576, akiwa Roma, alipata habari kuwa vimeonekana. Akavua mavazi ya utawa akakimbia, na kwa muda wa miaka 16 hakuwa na kwao.

Huko Geneva, mji wa Waprotestanti wafuasi wa Calvin, alichapisha katika mwaka 1579 karatasi iliyotaja makosa 20 ya mwalimu mmoja mkubwa katika somo moja tu. Makosa 20! Mwalimu yule hakufurahi, wala sidhani yuko mwalimu ye yote ambaye angefurahi. Bruno akatiwa kifungoni, akalazimishwa kuomba radhi, kisha akaenda zake. Toulouse alifundisha miaka 2. Paris, mfalme Henri III alimwita kumwuliza kama kumbukumbu yake ilitoka katika elimu au katika uchawi. Akaridhika kuwa ni elimu, akampa kazi ya kufundisha. Na lazima tuseme kweli: Bruno hakuwa mtu mpole. Alijisifu mno, alikuwa mwepesi wa kuwatukana wenziwe, na kila alipofika alipata marafiki wakubwa kwa haraka, akawapoteza kwa haraka ile ile.

Mwaka 1583 alivuka bahari akaenda Uingereza, akakaa London katika nyumba ya balozi wa Ufaransa. Wanachuoni wa Oxford walimdharau alipowafundisha, lakini ni katika nyumba ile ya balozi alikoandika, katika mwaka 1584, vitabu vilivyofanya jina lake likumbukwe.

Ili kuelewa alichosema, hatuna budi kujua watu wa wakati ule walivyoamini. Wengi walifundishwa kuwa dunia imesimama katikati, na jua, mwezi na sayari huizunguka, na nje kabisa iko kuba moja ambayo nyota zote zimekazwa juu yake kama misumari. Copernicus, katika kitabu kilichotoka mwaka 1543, alikuwa ameweka jua katikati na kuifanya dunia kuwa sayari moja miongoni mwa nyingine. Walakini hata yeye aliiacha ile kuba ya nyota mahali pake. Bruno ndiye aliyeibomoa. Alisema hapana kuba, wala hapana katikati, wala mwisho. Kila nyota ni jua kama jua letu, nayo huonekana ndogo kwa sababu iko mbali. Na majua hayo yana dunia zake zinazoyazunguka, zenye viumbe hai kama hii yetu.

Watu waliuliza, mbona hatuzioni dunia hizo? Akajibu kuwa ni ndogo, hazina nuru yao wenyewe, na mwangaza wa majua yao huzifunika. Jibu hili ni sahihi kabisa, naye alilitoa bila darubini, maana darubini ya kutazamia mbingu haikutumiwa na Galileo mpaka mwaka 1609.

Aliwezaje? Yeye mwenyewe alieleza habari moja ya utotoni. Kwao Nola alizoea mlima wa Cicala, wenye miti na mizabibu, na kwa mbali aliuona mlima Vesuvius, mweusi, kana kwamba hauoti kitu. Siku moja akafika Vesuvius, akakuta una mizabibu na matunda tele. Akageuka kutazama Cicala, na sasa Cicala ndio uliokuwa mweusi na mtupu. Tangu hapo hakuliamini jicho lake peke yake katika mambo ya mbali. Lakini tusimfanye mtaalamu wa nyota. Hesabu zake zilikuwa dhaifu, na hoja yake kubwa ilikuwa ya dini: kwamba Mungu mwenye uwezo usio na mwisho hawezi kuumba ulimwengu wenye mwisho. Na hakuwa wa kwanza. Nicholas wa Cusa alikwisha kuandika katika mwaka 1440 kwamba huenda nyota nyingine zina wakazi. Huyo hakuadhibiwa, baadaye alifanywa kardinali.

Kutoka Uingereza Bruno alirudi Paris, kisha akazunguka Ujerumani: Wittenberg, Helmstedt, Frankfurt. Helmstedt Walutheri nao wakamtenga. Ndipo ikaja barua kutoka Venice. Bwana mmoja wa ukoo mkubwa, Giovanni Mocenigo, alitaka kufundishwa ufundi wa kukumbuka. Bruno akarudi Italia. Kwa nini alithubutu, wataalamu wanabishana mpaka leo. Mocenigo hakuridhika na masomo, na mgeni wake alipotaka kurudi Frankfurt, akamfungia ghorofani akaenda kumshitaki. Ilikuwa Mei 1592.

Venice Bruno alipiga magoti akaomba msamaha, na pengine mambo yangeishia hapo. Lakini Roma ilimtaka, na Februari 1593 akapelekwa huko. Alikaa gerezani karibu miaka 7. Mashitaka mengi yalihusu imani: Utatu, Bikira Maria, mkate wa Ekaristi, na pamoja nayo lilikuwamo lile la dunia nyingi zisizo na mwisho. Wanaosema kwamba alichomwa kwa ajili ya nyota tu hupunguza habari, na wanaosema kwamba nyota hazikuhusika nao hukosea. Mara kadhaa alikuwa karibu kukubali kukana maneno yake. Mwisho, Desemba 1599, alikataa: hakuwa na la kukana. Hukumu ikatolewa tarehe 8 Februari 1600, na tarehe 17 akachukuliwa mpaka uwanja wa Campo de' Fiori, ulimi wake umefungwa asiseme na watu, akachomwa moto akiwa hai. Mwaka 1603 vitabu vyake vyote vikapigwa marufuku.

Sanamu yake ilisimamishwa katika uwanja ule mwaka 1889, na mwaka 2000 Kanisa likaeleza masikitiko yake kwa kifo kile. Dunia zake zilikawia zaidi. Mwaka 1960 Frank Drake wa Marekani alielekeza chombo cha redio kwenye nyota 2, Tau Ceti na Epsilon Eridani, asikilize kama wako wenye akili wanaoita; hakusikia cho chote, na wengi waliomfuata hawajasikia. Lakini katika mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walipima nuru ya nyota 51 Pegasi, wakaona inayumba kidogo kila baada ya siku 4 na zaidi kidogo, kwa kuvutwa na sayari isiyoonekana. Hiyo ndiyo sayari ya kwanza kujulikana kuzunguka nyota iliyo kama jua letu, na tangu hapo zimepatikana zaidi ya 5,000. Moja, iliyotangazwa mwaka 2016, huzunguka Proxima Centauri, nyota iliyo jirani yetu kuliko zote, kwa umbali ambao maji yangeweza kuwapo bila kuganda wala kuchemka yote. Kama kuna ye yote huko, hatujui.

Mayor na Queloz walikuwa wanachuoni wa Geneva, mji ule ule uliomtia Bruno kifungoni kwa ajili ya makosa 20 ya mwalimu.