Niel Gow: mfumaji aliyeichezesha Uskoti kwa fidla

Zaidi ya miaka 200 baada ya kifo chake, ngoma za harusi na sherehe za vijijini Uskoti bado zinachezwa kwa nyimbo za Niel Gow. Leo tunaangalia maisha yake, na yaliyowapata watoto wake waliorithi kazi hiyo.

Mtoto wa mfumaji

Gow alizaliwa mwaka 1727 katika mkoa wa Perthshire, akakulia katika kijiji cha Inver, karibu na mji wa Dunkeld. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, na Niel naye alifundishwa kazi hiyo hiyo. Fidla, chombo cha nyuzi nne kinachopigwa kwa uta kama zeze letu, alianza kujifunza mwenyewe akiwa mtoto.

Alipofika miaka 18 alishinda shindano kubwa la wapiga fidla. Jaji alikuwa kipofu, hivyo hakuweza kumpendelea mtu kwa sura. Baadaye kazi ya kufuma ikawekwa kando.

Duke wa Atholl, mwenye ardhi mkubwa wa eneo hilo, alimwajiri apige katika sherehe zake. Ndugu yake Donald alimsindikiza kwa selo, chombo kikubwa cha sauti nzito. Wasikilizaji walisifu hasa nguvu ya mkono wake pale uta unaposukumwa kwenda juu. Nguvu hiyo ndiyo iliyofaa mtindo wa strathspey, ngoma yenye mdundo unaokatikakatika. Mwaka 1787, mshairi Robert Burns alimtembelea.

Pamoja na umaarufu huo, Gow aliendelea kuishi Inver. Mke wake wa pili, Margaret Urquhart, aliishi naye zaidi ya miaka 30. Alipofariki, mzee Gow alimtungia wimbo wa maombolezo ambao mpaka leo wapiga fidla wengi wanauhesabu kuwa kazi yake bora. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1807 na kuzikwa Little Dunkeld.

Urithi wafika sokoni

Wana wake wanne, William, John, Andrew na Nathaniel, wote walikuwa wanamuziki. Nathaniel, aliyezaliwa mwaka 1763, ndiye aliyefika mbali zaidi. Alihamia Edinburgh, akaongoza bendi za ngoma za matajiri na kufungua biashara ya kuchapisha muziki. Kuanzia mwaka 1784 familia ilitoa vitabu vya nyimbo, na muziki wao ukanunuliwa dukani.

Hapo ndipo penye lawama. Baadhi ya nyimbo zilizochapishwa kwa jina la Gow zilikuwa za zamani, na nyingine zilitungwa na watu wengine, akiwemo mtunzi William Marshall. Wakati huo wapiga fidla waliazimana nyimbo bila kuulizana. Lakini jina likishachapishwa kitabuni, aliyetunga kweli anasahaulika kwa urahisi.

Biashara nayo haikudumu. Mwana wa Nathaniel, aliyepewa jina la babu yake, alifariki mwaka 1823 akiwa bado kijana. Mwaka 1827 Nathaniel alifilisika, na mwaka 1831 naye akafariki.

Kilichobaki

Vitabu vile vile vilivyoleta lawama ndivyo vilivyoziokoa nyimbo. Nyingi zingezikwa pamoja na wapigaji wake. Wahamiaji wa Kiskoti waliubeba muziki wao wa fidla hadi Kanada na Marekani, na huko watoto bado wanafundishwa kuupiga.

Kwa wasikilizaji wetu wenye wazee wanaojua zeze au ngoma za ukoo, tunaona funzo hapa: nyimbo zirekodiwe mapema, hata kwa simu, na jina la mtunzi litajwe mwanzoni kabisa mwa rekodi.