Diallo Telli, Mtumishi wa Afrika

Wasomaji wetu wengi wakisikia habari za Umoja wa Nchi Huru za Afrika huwakumbuka marais na wafalme waliotia sahihi Mkataba wake mjini Addis Ababa tarehe 25 Mei 1963. Ni wachache wanaomkumbuka mtu aliyeibeba kazi ya Umoja huo siku kwa siku katika miaka yake migumu ya kwanza. Tumeona yafaa leo tumweleze, kwa kuwa maisha yake yana funzo kwa kila mwanachama na kila mfanyakazi.

Boubacar Diallo Telli alizaliwa mwaka 1925 huko Porédaka, katika nyanda za juu za Fouta Djallon nchini Guinea, naye alikuwa Mfulani. Alisoma katika chuo cha William Ponty, kilichowalea viongozi wengi wa Afrika ya Magharibi, kisha akaenda Ufaransa kusomea sheria na utawala. Aliporudi alifanya kazi ya mahakama huko Thiès, Senegal, na Cotonou, katika nchi ambayo siku hizi huitwa Benin. Mwaka 1957 akawa Katibu Mkuu wa Baraza Kuu la Afrika ya Magharibi ya Kifaransa, mjini Dakar. Wakati huo Waafrika waliofikia daraja kama hilo katika utawala wa Kifaransa walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Tarehe 28 Septemba 1958 wananchi wa Guinea, wakiongozwa na Sékou Touré na chama chake, waliikataa jumuiya ya Ufaransa kwa kura zaidi ya tisini na tano katika kila mia. Wafaransa wakaondoka kwa hasira pamoja na watumishi wao na vifaa vyao. Telli hakusita. Aliuacha utumishi wa mkoloni, akaitumikia nchi yake changa akiwa mjumbe wake katika Umoja wa Mataifa na balozi wake nchini Marekani. Mwaka 1963 ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa Kamati Maalumu ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini.

Mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Kairo mwezi Julai 1964 ulimchagua Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mkataba ulimpa madaraka ya uendeshaji tu, lakini Telli hakukubali kuwa karani wa kutunza mafaili. Alisema waziwazi juu ya Wareno, juu ya makaburu, na juu ya walowezi wa Rhodesia waliojitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965. Mwezi Desemba mwaka ule mawaziri wa Umoja waliazimia kuvunja uhusiano na Uingereza, lakini nchi zilizotimiza azimio hilo, Tanzania na Guinea zikiwa miongoni mwao, hazikufikia hata theluthi ya wanachama. Wako viongozi waliomlaumu Telli kwamba anavuka mipaka ya kazi yake. Hata hivyo alichaguliwa tena mwaka 1968. Mwaka 1972, katika mkutano wa Rabat, nafasi yake ilichukuliwa na Nzo Ekangaki wa Cameroon.

Mtu wa sifa zake hangekosa kazi ugenini. Telli alichagua kurudi Conakry, na mwaka ule ule akafanywa Waziri wa Sheria. Hapa hatutaficha ukweli. Baada ya Wareno kuishambulia Conakry tarehe 22 Novemba 1970, serikali iliwakamata watu wengi mno, na mwezi Januari 1971 wengine walinyongwa hadharani. Telli aliingia katika serikali hiyo akiyajua hayo, na wakati wa uwaziri wake wafungwa waliendelea kuteseka katika kambi ya Boiro bila ya kuhukumiwa na mahakama ya wazi.

Tarehe 18 Julai 1976 zamu yake ikafika. Alishtakiwa kwamba anaongoza njama ya Wafulani ya kuipindua serikali, akateswa hadi akakiri. Mwanzoni mwa mwaka 1977, ndani ya Boiro, alinyimwa chakula na maji mpaka akafa, yeye na wenzake kadhaa. Aliyekuwa Waziri wa Sheria hakupata hata siku moja ya kusikilizwa na hakimu.

Umoja alioutumikia miaka minane haukumwokoa. Mkataba wake ulikataza nchi kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, na ngao hiyo, iliyowekwa ili kuulinda uhuru wetu, ikawalinda pia waliomuua mtumishi wake. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu ulipitishwa mwaka 1981, yeye akiwa amekwisha kuzikwa. Kambi ya Boiro ilifunguliwa mwezi Aprili 1984, baada ya Sékou Touré kufariki na jeshi kutwaa madaraka.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Telli alicheza kwao, asitunzwe. Sisi tulio katika vyama twapaswa kulikumbuka jambo hilo kila tunaposikia mwenzetu akiitwa msaliti. Tudai mashahidi, tudai mahakama, tudai asikilizwe. Anayenyamaza mwenzake anapochukuliwa usiku hana wa kumtetea zamu yake ikifika.